Mbio za michezo ya video: Mpaka kati ya mkono wa mtu na zana

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2003 video moja ilianza kusambaa katika intaneti, ikipokezanwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ilimwonyesha Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu wa kampuni ya Nintendo ya Japani, akiumaliza mchezo wa Super Mario Bros. 3 kwa muda wa dakika 11 tu.

Mario huyo hakusita hata mara moja. Aliruka mizinga, akapenya katikati ya risasi kwa nafasi ya unywele, na alipofika mahali ambapo skrini husogea kwa mwendo wake yenyewe bila mchezaji kuweza kuiharakisha, aliutumia muda wa kungoja kukusanya maisha ya ziada hadi hesabu ikafika 99.

Waliotazama walipigwa na butwaa. Wengi waliamini kuwa wamemwona mchezaji hodari kuliko wote duniani. Baadaye ikabainika kuwa mtengenezaji wa video hiyo, Mjapani aliyejulikana kwa jina la Morimoto, hakuucheza mchezo ule kwa mfululizo mbele ya televisheni. Alitumia programu ya kompyuta iliyomwezesha kupunguza mwendo wa mchezo na kurudi nyuma kila alipokosea, hadi kila hatua ikawa kama alivyoitaka. Kwa kuwa video ilisambaa bila maelezo ya wazi juu ya namna ilivyotengenezwa, butwaa liligeuka hasira. Wengi walisema wametapeliwa.

Je, walitapeliwa kweli? Zaidi ya miaka 20 baadaye, swali hilo bado ndilo linaloeleza vizuri zaidi mchezo ndani ya mchezo ambao leo una wafuasi katika mabara yote: mbio za kumaliza michezo ya video kwa muda mfupi kuliko watu wengine wote.

Mbio hizo zina matawi mawili. La kwanza ni mbio za muda halisi, ambazo mtu huketi, hushika kidhibiti, saa huanza kuhesabu, naye hucheza hadi mwisho bila nafasi ya kufuta kosa. La pili ni mbio za kusaidiwa na zana, ambazo mtengenezaji huujenga mchezo kipande kwa kipande kwa msaada wa programu, na anaweza kutumia miezi au hata miaka kuandaa video ya dakika chache.

Msomaji anayezijua fani za ushairi wa Kiswahili hatapata shida kuielewa tofauti hiyo. Yupo malenga anayejibu beti papo kwa hapo mbele ya hadhira, na akiteleza katika kina, kila mtu amesikia. Yupo pia mtunzi anayekaa na karatasi, akifuta na kuandika upya hadi vina na mizani vikae sawa. Hakuna anayemwita huyu wa pili mwongo. Uongo huanza pale anapopanda jukwaani na beti alizozikariri, kisha akaapa kuwa zimemjia hapo hapo.

Chimbuko lake

Tamaa ya kuwahi kumaliza mchezo ni ya zamani kama michezo yenyewe, lakini mbio hizi zilipata umbo lake la sasa baada ya Desemba 1993, wakati kampuni ya id Software ya Marekani ilipotoa mchezo wa Doom. Mchezo huo ulikuwa na uwezo uliokuwa adimu wakati ule, yaani kuhifadhi kumbukumbu ya namna mtu alivyocheza katika faili dogo. Faili hilo halikuwa na picha. Lilikuwa na orodha ya vitufe vilivyobonyezwa na wakati wa kila kitufe, na mchezo ukipewa orodha hiyo, ulirudia kila kitu kama kilivyotokea mara ya kwanza.

Udogo wa faili hizo uliwawezesha wachezaji kutumiana ushahidi wa kasi yao hata kwa laini za simu za wakati ule. Mwaka 1994 kumbukumbu za rekodi za Doom zilikwisha kuanza kutunzwa katika intaneti.

Juni 1997 kundi la wachezaji wa Quake, mchezo mwingine wa kampuni hiyo hiyo, lilitoa kazi iliyoitwa Quake done Quick. Mchezo mzima, katika kiwango chake kigumu kuliko vyote, ulimalizwa kwa dakika 19 na sekunde 49. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja aliyecheza kwa pumzi moja. Wachezaji mbalimbali walikimbia hatua mbalimbali, kisha vipande vyao bora vikaunganishwa. Tangu mapema, basi, lilikuwapo daraja la katikati: mkono ni wa mtu na mwendo ni wa kawaida, lakini mbio zimeshonwa kwa vipande.

Zana zenyewe zilifuata muda mfupi baadaye. Desemba 1997 id Software ilitoa hadharani msimbo wa Doom, yaani maandishi ya maagizo yanayouendesha mchezo, na baadaye mashabiki wakaurekebisha ili uweze kurekodiwa kwa mwendo wa polepole na kwa vipindi tofauti. Juni 1999 wachezaji watatu, Esko Koskimaa, Peo Sjöblom na Joonatan Donner, walifungua ukurasa wa kwanza wa kuonyesha kazi za aina hiyo, na jina la mbio za kusaidiwa na zana likazaliwa humo.

Morimoto alilihamishia jambo hilo katika michezo ya Nintendo mwaka 2003. Ghasia zilizozuka zilimfanya Joel Yliluoma wa Finland, anayefahamika kwa jina la Bisqwit, kuanzisha Desemba mwaka huo ukurasa ambao leo unaitwa TASVideos. Kazi za zana zilipata nyumba yake yenyewe, na mlangoni pa nyumba hiyo kulikuwa na maelezo ya wazi kuhusu kilichomo ndani.

Mkono, jicho na moyo

Katika mbio za muda halisi, kanuni ya msingi ni nyepesi kuieleza. Saa huanza mchezo unapoanza na husimama lengo linapofikiwa. Katikati ya hapo hakuna kusimamisha saa wala kurudi nyuma. Mkimbiaji akifanya kosa, anaishi nalo au anaanza upya.

Kila mchezo una madaraja yake. Liko daraja la kufika mwisho kwa njia yoyote, hata kwa kutumia hitilafu za programu, na liko la kukusanya kila kitu kilichomo. Baadhi ya michezo ina daraja linalokataza hitilafu fulani. Wachezaji wa kila mchezo ndio wanaotunga kanuni hizo na kuteua wasimamizi, na tangu mwaka 2014 sehemu kubwa ya rekodi imekuwa ikitunzwa katika ukurasa wa speedrun.com.

Anayedai rekodi hutoa video ya mbio zake nzima, na katika michezo yenye ushindani mkali huweza kutakiwa kuionyesha mikono yake ikiwa kazini. Wasimamizi huikagua picha kwa picha, huisikiliza sauti kama imekatwa mahali, na hulinganisha saa ya video na saa ya mchezo.

Mtazamaji huona mbio moja iliyofaulu. Haoni mbio elfu zilizoachwa njiani. Mkimbiaji wa mchezo wa dakika tano anaweza kuanza upya mara mamia kwa siku kwa sababu ya kuruka mapema kidogo katika hatua ya kwanza, na akifika hatua ya mwisho akiwa bado katika muda wa rekodi, adui wake mkubwa si yule aliye katika skrini. Ni mapigo ya moyo wake na jasho la viganja vyake. Mashabiki wengi huzipenda mbio hizi kwa sababu hiyo.

Fremu moja baada ya nyingine

Ili kuelewa kazi ya zana, ni lazima kwanza kuelewa mchezo wa video unavyokwenda. Mashine ya zamani ya Nintendo huchora picha takriban 60 kwa kila sekunde. Kila picha huitwa fremu. Kabla ya kuchora fremu inayofuata, mashine huangalia vitufe gani vimebonyezwa, kisha huamua Mario asogee wapi na adui afanye nini.

Kidhibiti cha mashine hiyo kina vitufe vinane: vinne vya kuelekeza, A, B, na viwili vya kuchagua na kuanzisha. Kila kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa, kwa hiyo katika kila fremu kuna hali 256 zinazowezekana. Mbio za dakika tano zina takriban fremu 18,000. Hakuna mtu, wala kompyuta, anayeweza kujaribu michanganyiko yote hiyo. Mtengenezaji wa mbio za zana analazimika kuufahamu mchezo kwa undani ili ajue ni wapi pa kutafuta.

Hutumia programu ya kompyuta inayoigiza mashine ya mchezo, ambayo wachezaji huiita emuleta. Programu hiyo humpa uwezo wa aina tatu. Anaweza kuusogeza mchezo fremu moja moja na kuamua vitufe vya kila fremu kwa utulivu. Anaweza kuhifadhi hali ya mchezo wakati wowote na kuirudia, mara elfu akitaka. Anaweza pia kuichungulia kumbukumbu ya mashine na kusoma namba ambazo mchezaji wa kawaida hazioni, kama vile kasi halisi ya Mario au mahali adui atakapotokea.

Uwezo huo wa mwisho ndio unaofuta kitu kinachoitwa bahati. Mashine ya zamani haina bahati ya kweli. Namba zake za kubahatisha hutokana na hesabu, na hesabu hizo mara nyingi hutegemea muda uliopita na vitufe vilivyobonyezwa. Mtengenezaji akichelewesha hatua moja kwa fremu mbili, adui aliyekuwa akienda kushoto anaweza kwenda kulia.

Kinachozaliwa mwishoni ni orodha ya vitufe, fremu kwa fremu, mithili ya zile faili za Doom. Yeyote mwenye programu ile ile anaweza kuiendesha orodha hiyo na kuona matokeo yale yale. Kwa maana hiyo, kazi ya zana iliyotangazwa wazi haifichi kitu. Kila kitufe kiko mezani.

Basi la sekunde 0.35

Mfano bora wa uhusiano wa matawi haya mawili ni Super Mario Bros., mchezo uliotoka Japani Septemba 1985. Wasomaji waliokulia mijini katika miaka ya 1990 wanaukumbuka, kwani wengi waliucheza kwa mashine za bei nafuu za kuchomeka kwenye televisheni zilizoiga zile za Nintendo.

Mchezo una hatua 32, lakini mkimbiaji anayetafuta njia fupi hupita nane tu. Humaliza mbili za kwanza, akaingia katika bomba linalompeleka dunia ya nne, na kutoka huko huruka hadi dunia ya nane, ambako hupita hatua nne za mwisho. Saa husimama Mario anapogusa shoka lililo mwisho wa daraja la adui mkuu, Bowser.

Siri kubwa ya mchezo huo ni kwamba muda wa hatua hauhesabiwi fremu kwa fremu. Hatua inapokwisha, mashine huwa haimwondoi Mario papo hapo. Huangalia kila baada ya fremu 21, yaani takriban sekunde 0.35, kama kuna hatua iliyokwisha. Wakimbiaji hulifananisha jambo hilo na basi linaloondoka kwa saa yake. Aliyefika kituoni mapema na aliyefika dakika ya mwisho hupanda basi moja na kufika pamoja. Anayechelewa kidogo tu hungoja basi linalofuata.

Kwa hiyo haisaidii kuokoa fremu tano katika hatua kama hazitoshi kuliwahi basi la mbele. Ni lazima kuokoa za kutosha, au kuridhika. Hatua ya mwisho peke yake haina basi, kwani hakuna hatua nyingine baada yake. Huko kila fremu huhesabiwa.

Zana ndizo zilizoonyesha mabasi hayo yako wapi. Mfano mmoja ni hitilafu ya mlingoti wa bendera. Kwa kawaida Mario akifika mwisho wa hatua hushika mlingoti na kungoja bendera ishuke. Lakini akiligusa tofali la chini ya mlingoti mahali mahususi, kwa vitufe vilivyopangwa fremu kwa fremu, bendera haishuki na kungoja kunafutika. Kwa muda mrefu mbinu hiyo ilionekana kuwa ya zana pekee. Mikono ya watu, iliaminika, haiwezi kuifanya katikati ya mbio.

Miaka ikapita na mikono ikajifunza. Mwaka 2011 Mmarekani Andrew Gardikis aliumaliza mchezo kwa dakika 4 na sekunde 58. Oktoba 2016 mkimbiaji anayetumia jina la darbian alishuka chini ya 4:57. Aprili 7, 2021, Mmarekani anayejulikana kama Niftski alikuwa wa kwanza kushuka chini ya 4:55, kwa muda wa 4:54.948. Septemba 2023 Niftski huyo huyo aliandika 4:54.631.

Kazi bora ya zana katika mchezo huo, ikipimwa kwa saa ile ile inayotumiwa na wakimbiaji, ni 4:54.265. Tofauti ni sekunde 0.366. Katika mbio zile za Septemba 2023, Niftski alikuwa amepanda basi lile lile la zana katika kila hatua hadi ya saba. Fremu zilizomtenga na ukomo wa mchezo zilipotea katika hatua ya mwisho, ile isiyo na basi.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Si kila tarakimu ya zana inaweza kuwekwa kando ya tarakimu ya binadamu na kulinganishwa. Ukurasa wa TASVideos huhesabu muda tangu mashine inapowashwa hadi kitufe cha mwisho kinapobonyezwa, wakati wakimbiaji wa Mario huanza kuhesabu mchezo wenyewe unapoanza. Saa ikibadilika, mashindano yamebadilika.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kwamba Niftski hutumia kompyuta na kibodi, si mashine ya asili. Kanuni za mchezo huo zinaruhusu emuleta zilizoidhinishwa, mradi mchezo uende kwa mwendo wake wa kawaida na pasiwe na kuhifadhi wala kurudia. Kinachokatazwa ni ule uwezo wa ziada, si kompyuta. Mtu anayecheza katika emuleta kwa mwendo wa kawaida yuko katika mbio za muda halisi sawasawa na anayecheza mbele ya televisheni ya mwaka 1985.

Zana hupasua njia, mtu hufuata

Mario si mfano pekee. Katika Super Mario World, mchezo wa mwaka 1990, watengenezaji wa mbio za zana waligundua kuwa vitu vikipangwa mahali mahususi katika skrini, mashine inaweza kudanganyika ikazisoma namba za mahali vilipo vitu hivyo kana kwamba ni maagizo ya programu. Mchezo unaweza kuamrishwa uruke moja kwa moja hadi mwisho, kwenye orodha ya majina ya waliouunda.

Ilionekana kuwa kazi ya zana tu, kwa kuwa kosa la nukta moja ya skrini huukwamisha mchezo. Mwaka 2015 mchezaji anayefahamika kama SethBling aliifanya kwa mkono, katika mashine halisi, chini ya dakika sita. Mwaka 2016 alikwenda mbali zaidi. Kwa kutumia kidhibiti na mikono yake pekee, aliingiza ndani ya mashine maagizo ya mchezo mwingine kabisa, Flappy Bird, kisha akaucheza.

Huo ndio mtiririko wa kawaida. Zana huonyesha kinachowezekana. Wakimbiaji hukichambua, hutafuta ishara za kuonekana kwa macho zitakazowasaidia kujua lini wabonyeze, hufanya mazoezi kwa emuleta wakirudia sehemu moja mamia ya mara, kisha huzima misaada yote na kuwasha saa. Watengenezaji wa zana nao huokota mbinu ambazo wakimbiaji wamezigundua kwa bahati.

Zana zikawa shahidi

Wakati wa hasira za mwaka 2003 ilikuwa rahisi kudhani kuwa zana ni adui wa ukweli. Kesi ya mchezo wa Dragster ilionyesha kinyume chake.

Dragster ulitungwa na David Crane na kutolewa na kampuni ya Activision mwaka 1980 kwa ajili ya mashine ya Atari 2600. Mchezaji huendesha gari la mashindano katika njia iliyonyooka, akibadili gia, na mbio nzima huchukua sekunde chache. Mmarekani Todd Rogers alitambuliwa kuwa na rekodi ya sekunde 5.51, aliyosema aliiweka mwaka 1982. Rekodi hiyo ilidumu miongo mitatu na ushei, na kitabu cha Guinness World Records kiliitambua.

Mwaka 2017 mkimbiaji na mhandisi Eric Koziel, anayetumia jina la Omnigamer, aliuchambua msimbo wa mchezo huo na kuzijaribu kwa kompyuta njia za kuumaliza. Kwa kuwa mchezo ni mfupi na maamuzi yake ni machache, hesabu iliwezekana. Matokeo yalikuwa kwamba muda mfupi kabisa ambao Dragster unaweza kuutoa ni sekunde 5.57. Zana, pamoja na ukamilifu wake wote, hazikuweza kufika 5.51.

Rogers alijitetea, lakini Januari 2018 taasisi ya Twin Galaxies, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mtunzaji wa rekodi za michezo ya video, ilizifuta rekodi zake zote. Guinness ikafuata.  Miongoni mwa ushahidi uliotegemewa ni ule wa mashine yenyewe iliyohojiwa hadi mwisho wa uwezo wake.

Katika kesi hiyo, kazi ya zana haikushindana na binadamu. Ilimlinda. Wachezaji waliofikia 5.57 kwa mikono yao walikuwa wamekaa miaka mingi chini ya kivuli cha tarakimu isiyofikika, wakidhani wamezidiwa. Kumbe walikuwa wamefika mwisho wa njia.

Hatari ya upande wa pili ipo pia. Mtu anaweza kutengeneza mbio kwa zana, akazificha, na kudai ni za mkono wake. Video mbili zinaweza kufanana kila nukta, moja ikawa kazi ya kuheshimiwa na nyingine ikawa wizi. Kinachozitenganisha ni sentensi moja inayosema video imetengenezwaje. Ndiyo maana wasimamizi wa rekodi huchukulia uficho kuwa kosa zito kuliko makosa yote, na ndiyo maana watengenezaji waaminifu wa zana huwa wa kwanza kuulaani.

Jukwaa moja

Uhasama wa zamani umepungua, na mahali panapoonyesha hilo ni mashindano ya hisani ya Games Done Quick. Yalianza Januari 2010 kwa kundi dogo la wachezaji waliokusanyika katika chumba cha chini cha nyumba ya familia nchini Marekani, wakikimbia michezo usiku na mchana huku watazamaji wa intaneti wakichangia fedha. Walipata zaidi ya dola 10,000 kwa ajili ya shirika la CARE. Mashindano ya Januari 2014 yalivuka dola milioni moja, zilizokwenda kwa taasisi ya kuzuia saratani ya Prevent Cancer Foundation.

Mikutano ya majira ya kiangazi imekuwa ikilichangia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo wakazi wa Afrika Mashariki wanalifahamu kwa huduma zake mashariki mwa Congo na katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya.

Katika mashindano hayo ya Januari 2014, zana zilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Kifaa kilichopewa sura ya roboti na kuitwa TASBot kiliunganishwa na mashine halisi mahali pa kidhibiti, kikawa kinabonyeza vitufe kwa kufuata orodha iliyoandaliwa. Mbele ya ukumbi uliojaa, kiliuvunja mchezo wa Super Mario World kutoka ndani na kuugeuza michezo mingine miwili. Aliyetilia shaka kuwa kazi za zana ni ulaghai wa emuleta alipata jibu, kwani mashine ilikuwa halisi na vitufe vilikuwa vile vile.

Miaka minane baadaye, katika mkutano wa kiangazi wa 2022, pande mbili zilishikana mikono waziwazi. Katika mchezo wa The Legend of Zelda: Ocarina of Time wa mwaka 1998, mchezaji wa kibinadamu alianza kazi kwa mikono yake, akafanya hitilafu ngumu ya kuufungua mlango wa mashine, kisha akaikabidhi kwa TASBot iendelee. Mkutano huo ulikusanya zaidi ya dola milioni tatu.

Hata hivyo, hoja ya wanaozipendelea mbio za muda halisi haijafa, na haistahili kufa. Wanasema kuwa mchezo ni mchezo kwa sababu mchezaji anaweza kushindwa, na kwamba ukamilifu usio na hatari haumtoi mtu jasho. Wanaozipendelea zana hujibu kuwa hatari ya kwao ni ya aina nyingine: kutumia mwaka mzima kutafuta fremu moja ambayo huenda haipo, au kutangaza kazi yako kuwa ndiyo ukomo, kisha kijana usiyemjua akapata njia fupi zaidi wiki inayofuata.

Wote wawili wanasema kweli. Tawi moja huuliza mchezo huu unaweza kufika wapi. Jingine huuliza mtu anaweza kufika wapi katika mchezo huu. Bila la kwanza, mkimbiaji hukimbia gizani asijue kama lengo liko mbele au amekwisha kulipita. Bila la pili, ramani hubaki ukutani na hakuna anayesafiri.

Morimoto, basi, hakumtapeli mtu kwa kutengeneza video yake. Alichelewa kueleweka, kwa kuwa kazi yake ilitangulia jina lake. Leo jina lipo, na mtazamaji anayefungua video ya Mario akipaa katikati ya risasi bila kukwaruzwa hana haja ya kukasirika wala kushangilia haraka. Anachotakiwa kufanya kwanza ni kusoma maelezo yaliyo chini ya picha, ajue ni beti za papo kwa hapo au za karatasi.

Na kama maelezo hayapo, hapo ndipo pa kuanza kuuliza maswali.